Mbari, Kabila na Vepu: Namna ya Kusoma na Kuandika Takwimu za Vijana na Sigara za Kielektroniki

Ikisiri

Makala haya yanajadili jinsi takwimu zinazolinganisha matumizi ya sigara za kielektroniki miongoni mwa vijana wa mbari na makabila mbalimbali zinavyopaswa kusomwa na kuandikwa kwa Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba tofauti zinazoripotiwa ni za kweli, lakini jina la mbari au la kabila haliwi sababu ya tofauti hizo. Linatuonyesha tu mahali pa kuanzia kuuliza. Mifano imechukuliwa kutoka Marekani, New Zealand na Uingereza, kisha hoja imepimwa katika mazingira ya Kisumu, hasa mitaa jirani ya Milimani na Nyalenda. Sehemu ya mwisho inapendekeza istilahi na miundo ya sentensi itakayomfaa mwanafunzi wa Kiswahili anapoandika au kutafsiri habari za aina hii.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili wa leo huitwa kufanya kazi nyingi nje ya darasa la fasihi na sarufi. Huombwa kutafsiri hojaji za afya, kuandaa vipeperushi vya kampeni, kusoma taarifa redioni na kuwafafanulia wazazi matokeo ya utafiti barazani. Miongoni mwa matokeo hayo yamo yanayohusu sigara za kielektroniki, ambazo vijana wengi huziita vepu. Taarifa za namna hii mara nyingi huja na sentensi inayosema kwamba vijana wa mbari fulani hutumia vifaa hivyo kuliko vijana wa mbari nyingine.

Sentensi kama hiyo huonekana nyepesi inapotoka mbali. Lakini ikitafsiriwa neno kwa neno na kutangazwa Kisumu, mji ulioumizwa na machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, hubeba uzito mwingine. Msikilizaji wa huku akisikia kwamba kundi moja linavuta kuliko jingine, hasikii hesabu. Husikia hukumu juu ya watu. Kwa hiyo suala la kusoma takwimu hizi si la wanahisabati na waganga pekee. Ni suala la lugha, na sisi tunaojinasibisha na Kiswahili tuna wajibu juu yake.

Makala yanajibu maswali matatu. Kwanza, ni tofauti zipi zilizopatikana? Pili, tofauti hizo hutokana na nini? Tatu, zinapaswa kuandikwaje kwa Kiswahili ili ukweli usipotee na watu wasidhulumiwe?

2.0 Kifaa chenyewe

Kabla ya kuzungumzia watumiaji, yafaa kukielewa kifaa. Sigara ya kielektroniki ina betri, waya mdogo unaopashwa joto, na kimiminika chenye propilini glikoli, gliserini, vionjo na, mara nyingi, nikotini. Aina iliyoenea duniani ilitokana na kazi ya Hon Lik, mfamasia wa China, mwaka 2003. Betri huupasha waya joto, kimiminika hugeuka kuwa wingu la chembechembe ndogo mno, na mtumiaji hulivuta wingu hilo mapafuni.

Hapa mwanaisimu hana budi kusimama kidogo. Wingu hilo huitwa mvuke, na mvuke kwa Mswahili ni kile kinachopanda kutoka kwenye chungu cha wali: maji matupu, yasiyo na madhara ila kuunguza. Wingu la vepu si maji. Ni matone na chembe za kemikali zinazoelea hewani, ambazo wanasayansi huziita erosoli. Neno mvuke limekwisha kukubalika katika usemi wa kila siku na si rahisi kuliondoa, lakini mwandishi makini atalifafanua angalau mara moja, la sivyo jina lenyewe litakuwa limekwisha kumtuliza msomaji kabla hajauliza swali.

Nikotini ndiyo inayozaa uraibu. Ubongo wa binadamu huendelea kukomaa hadi umri wa miaka 25 hivi, na nikotini huvuruga sehemu zinazohusika na umakinifu, kujifunza na kujizuia. Mnamo 2015 kampuni ya JUUL ilianza kuuza Marekani kifaa kidogo kilichotumia nikotini ya chumvi, ambayo haikwaruzi koo sana hata ikiwa nyingi. Kwa mara ya kwanza kijana asiyewahi kuvuta sigara aliweza kuingiza nikotini nyingi mwilini bila kukohoa. Ni kweli kwamba katika nchi kama Uingereza wataalamu wa afya wamewashauri watu wazima wanaovuta sigara wahamie vepu kama njia ya kuiacha tumbaku. Ushauri huo unamhusu mtu mzima aliyekwisha kuzama katika sigara. Mwanafunzi wa kidato cha pili asiyevuta chochote hana anachokiacha, ana anachokianza.

3.0 Takwimu zinasema nini

Tuanze na Marekani, ambako utafiti wa aina hii umefanywa kwa miaka mingi. Katika uchunguzi wa kitaifa wa mienendo ya wanafunzi wa shule za upili uliofanywa mwaka 2019, wanafunzi wapatao 38 katika kila 100 waliojitambulisha kuwa Weupe walisema kwamba walikuwa wametumia kifaa cha aina hii katika siku 30 zilizotangulia. Miongoni mwa wenye asili ya Kihispania idadi ilikuwa 31 hivi katika kila 100, na miongoni mwa Weusi ilikaribia 20. Pengo kati ya kundi la kwanza na la mwisho lilikuwa karibu mara mbili.

Nchini Uingereza mwelekeo unafanana na huo: uchunguzi wa wanafunzi wa umri wa miaka 11 hadi 15 umeonyesha kwamba vijana Weupe na wale wa asili mchanganyiko hutumia vepu kuliko vijana Weusi na wale wenye asili ya Asia.

Msomaji mwepesi angeweza kukomea hapo na kuhitimisha kwamba vepu ni jambo la Wazungu. Lakini tusafiri hadi New Zealand. Mwaka 2022, katika uchunguzi wa wanafunzi wa umri wa miaka 14 na 15, takriban mwanafunzi mmoja katika kila kumi alikuwa akitumia vepu kila siku. Miongoni mwa Wamaori, wenyeji wa asili wa visiwa hivyo, ilikuwa takriban mmoja katika kila watano. Huko, waliokuwa juu si Wazungu bali wenyeji walionyang'anywa ardhi katika karne ya kumi na tisa na ambao hadi leo hupatikana kwa wingi katika mitaa yenye kipato cha chini.

Hili ni jambo la kwanza la kuzingatia: mpangilio wa mbari hubadilika kutoka nchi hadi nchi. La pili ni kwamba hubadilika pia kutoka mwaka hadi mwaka. Uchunguzi mwingine wa Marekani, unaohusu tumbaku peke yake, ulionyesha kwamba asilimia 27.5 ya wanafunzi wa shule za upili walitumia sigara za kielektroniki mwaka 2019. Kufikia 2024 asilimia hiyo ilikuwa imeshuka hadi 7.8. Katika miaka mitano, zaidi ya theluthi mbili ya matumizi yaliyeyuka. Mbari za watu hazikubadilika katika miaka hiyo mitano. Kilichobadilika ni sheria, bidhaa zilizokuwa madukani, mafunzo shuleni na mazoea ya vijana wenyewe.

4.0 Vyaelea, vimeundwa

Wahenga walitufunza kwamba tukiona vyaelea, tujue vimeundwa. Methali hii ya mabaharia ndiyo muhtasari bora wa sehemu hii. Tofauti za mbari tunazoziona zikielea juu ya takwimu ziliundwa, na mafundi wake wanajulikana.

Fundi wa kwanza ni soko. Mfano ulio wazi kabisa ni sigara za mentholi nchini Marekani. Kwa miongo kadhaa, tangu miaka ya 1960, kampuni za tumbaku zilielekeza matangazo ya sigara hizo kwa Wamarekani Weusi, katika magazeti yao, matamasha yao na maduka ya mitaa yao. Matokeo yake, takriban asilimia 85 ya wavutaji Weusi walikuja kuwa wavutaji wa mentholi. Hakuna aliyezaliwa na hamu ya mentholi damuni. Vepu zilipokuja, njia iliyofuatwa ilikuwa nyingine: JUUL ilijitangaza mitandaoni kwa picha za vijana wa mjini wenye maisha ya raha, na kifaa chake hakikuwa cha bei ya chini. Ndipo shule za wenye nafasi zikawa za kwanza kulalamika.

Fundi wa pili ni sheria. Mwanzoni mwa mwaka 2020 serikali ya Marekani ilizuia katriji zenye ladha za matunda na peremende, lakini ikaacha ladha ya mentholi, na ikaacha pia vifaa vya kutumia na kutupa. Vijana wengi walihamia huko ambako mlango ulikuwa wazi. Aliyeandika takwimu baada ya hapo hakupima tabia ya watu tu. Alipima pia umbo la sheria.

Fundi wa tatu ni mtaa. Nani anaishi karibu na duka la vepu? Nani anaweza kununua kifaa bila kuuliza bei? Nani ana mzazi anayerudi nyumbani usiku wa manane kwa sababu ana kazi mbili? Majibu ya maswali haya hayagawanyiki sawasawa kati ya mbari, kwa kuwa historia haikuzigawia mbari mali na makazi kwa usawa.

Fundi wa nne ni mtafiti mwenyewe, kwa njia ya visanduku vya hojaji. Mtoto wa wazazi waliotoka Kisumu au Kisii wakahamia Minnesota atatia alama katika kisanduku cha Weusi, pamoja na mtoto ambaye mababu zake waliuzwa utumwani Virginia miaka mia tatu iliyopita. Lugha zao za nyumbani, dini zao, vyakula vyao na maonyo ya wazazi wao huenda visifanane hata kidogo. Vivyo hivyo, kisanduku kimoja kikiwaweka pamoja vijana wenye asili ya China, India na visiwa vya Pasifiki, wastani unaopatikana huenda usimwakilishe yeyote kati yao.

5.0 Milimani na Nyalenda

Sasa turudi kwetu. Jina Milimani ni somo la mofolojia na la historia kwa pamoja. Limeundwa kwa wingi wa nomino mlima na kiambishi cha mahali -ni. Lakini kwa nini Kisumu, Nairobi, Nakuru na Kitale zote zina Milimani? Kwa sababu katika miji ya kikoloni sehemu zilizoinuka, zenye hewa safi na mandhari nzuri, zilitengewa Wazungu. Jina la mtaa limehifadhi mpango wa mji.

Reli ilifika ufukweni mwa Ziwa Victoria mnamo Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence, ambapo sasa ni Kisumu. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson alitumwa na serikali ya Uingereza kuchunguza afya ya miji ya Afrika Mashariki. Pendekezo lake lilikuwa kwamba miji igawanywe kwa mbari: Wazungu kwao, Waasia kwao, Waafrika kwao. Sababu iliyotolewa ilikuwa afya. Iliaminika kwamba ugonjwa ulifuata mbari, kwa hiyo kuzitenga mbari kulihesabiwa kuwa tiba. Maji machafu, msongamano na ukosefu wa mitaro, ambavyo ndivyo vilivyoleta maradhi, vilifunikwa na jina la watu. Yeyote anayedhani kwamba kuandika vibaya kuhusu mbari na afya ni kosa dogo la mtindo, na aitazame ramani ya Kisumu.

Baada ya uhuru, fedha ilichukua nafasi ya sheria ya rangi. Milimani ya leo ina Wajaluo, Waluhya, Wakisii, Wakenya wenye asili ya Asia na wageni wa mataifa mbalimbali. Jirani yake ni Nyalenda, mtaa wa kipato cha chini ambao nao una makabila mengi. Wakazi wa mitaa hii miwili wanavuta upepo mmoja wa ziwa, lakini hawaingii duka moja.

Tuseme, kwa mfano wa kufikirika tu, kwamba mtafiti amewahoji vijana 200 katika mitaa miwili ya aina hii: mmoja wa wenye nafasi na mwingine wa kipato cha chini. Mia moja ni wa Kundi A na mia moja ni wa Kundi B. Kwa sababu za kihistoria, vijana 80 wa Kundi A wanaishi mtaa wa wenye nafasi na 20 mtaa wa kipato cha chini. Kundi B ni kinyume chake: 20 wanaishi kwa wenye nafasi na 80 kwenye kipato cha chini. Tuseme pia kwamba katika mtaa wa wenye nafasi kijana mmoja katika kila wanne ametumia vepu, awe wa kundi lolote. Na katika mtaa wa pili ni mmoja katika kila ishirini, awe wa kundi lolote.

Tupige hesabu. Katika Kundi A, robo ya 80 ni 20, na moja ya ishirini ya 20 ni 1. Jumla ni 21 katika 100. Katika Kundi B, robo ya 20 ni 5, na moja ya ishirini ya 80 ni 4. Jumla ni 9 katika 100. Gazeti litaandika kwamba Kundi A linatumia vepu zaidi ya mara mbili kuliko Kundi B, na halitakuwa limesema uongo. Hata hivyo, ukilinganisha wanaoishi mtaa mmoja, hakuna tofauti yoyote kati ya A na B. Tofauti yote imetokana na mtaa, na mtaa umetokana na historia.

Badili sasa kitu kimoja tu. Tuseme vifaa vya bei nafuu vya kutumia na kutupa vimejaa vibandani katika mtaa wa kipato cha chini, na wenye nafasi wamekwisha kuonywa na shule zao. Viwango vya mitaa vikibadilishana, Kundi B litakuwa na 21 na Kundi A litakuwa na 9. Kabila lililolaumiwa jana litasifiwa leo, bila mtu yeyote kubadilika kabila. Ndivyo ilivyo kati ya Marekani na New Zealand.

6.0 Kabila moja, sheria mbili

Ukanda wa Ziwa unatupa mfano mwingine ambao si wa kufikirika. Wasamia wanaishi pande zote mbili za mpaka, katika Busia ya Kenya na Busia ya Uganda. Lugha ni moja, koo ni zile zile, na arusi huvuka mpaka kila mwaka. Lakini Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya Uganda ya 2015, iliyoanza kutumika Mei 2016, ilipiga marufuku uagizaji, utengenezaji na uuzaji wa sigara za kielektroniki, pamoja na shisha.

Kenya ilifuata njia nyingine. Sheria yake ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 ilitungwa kabla vifaa hivi havijaenea. Inakataza kumuuzia tumbaku mtu wa chini ya umri wa miaka 18 na kuuza sigara mojamoja, lakini iliandikwa na sigara ya kawaida akilini. Shisha ilipigwa marufuku mwishoni mwa Desemba 2017. Sigara za kielektroniki zilikabiliwa kwanza kwa kodi: Sheria ya Ushuru wa Bidhaa ya 2015 iliweka shilingi 3,000 kwa kila kifaa na shilingi 2,000 kwa kila katriji. Kodi ya namna hiyo humzuia asiye na fedha kabla ya kumzuia mwenye nazo. Baadaye, Mswada wa Marekebisho ya Sheria ya Kudhibiti Tumbaku wa 2024, ulioletwa katika Seneti na Seneta Catherine Mumma, ulilenga kuziweka bidhaa hizi mpya chini ya udhibiti wa wazi.

Kijana Msamia wa ng'ambo hii na binamu yake wa ng'ambo ile ni wa kabila moja. Mtafiti akiwaweka katika kisanduku kimoja cha kabila, ataficha jambo kubwa linalowatenganisha: bidhaa iliyo halali kuuzwa upande mmoja ni haramu upande wa pili.

7.0 Je, basi tuache kutaja mbari na kabila?

Jibu ni la. Kuficha ni kosa jingine. Kama New Zealand isingehesabu Wamaori peke yao, wastani wa mmoja katika kumi ungefunika ukweli kwamba kwa kundi moja ni mmoja katika watano, na fedha za kinga zingepelekwa kwingine. Takwimu za mbari na kabila zinapotumika kugawa huduma kwa haki, zinafaa. Zinadhuru zinapotumiwa kama maelezo ya tabia ya watu.

Nchini Kenya, tafiti kuu za tumbaku zimezoea kupanga matokeo kwa jinsia na makazi. Uchunguzi wa watu wazima wa mwaka 2014, kwa mfano, ulionyesha kwamba asilimia 11.6 walitumia tumbaku: asilimia 19.1 ya wanaume na 4.5 ya wanawake. Hakuna anayesema kwamba uanaume ndio unaovuta sigara. Twaelewa mara moja kwamba ni malezi, fedha mfukoni na jicho la jamii. Uelewa huo huo tunaoutumia kwa jinsia tuutumie kwa kabila.

8.0 Istilahi na sentensi

8.1 Mbari, rangi na kabila

Istilahi hizi hubadilishana nafasi ovyo katika maandishi yetu. Rangi imeota mizizi katika kirai ubaguzi wa rangi, lakini haiwezi kubeba kila kitu. Ibara ya 27(4) ya Katiba ya Kenya ya 2010 inataja mbari, asili ya kikabila au kijamii, na rangi kila moja peke yake. Mfasiri akitumia rangi kwa dhana mbili atakuwa amefuta neno la Katiba. Mbari, ambalo awali ni ukoo au watu wa nasaba moja, limepanuliwa maana na linafaa pale ambapo rangi inabana mno.

Tusisahau pia kwamba mipaka ya maneno haya huchorwa na serikali. Mwaka 2017 Wamakonde walitambuliwa rasmi kuwa kabila la 43 la Kenya, na Wakenya wenye asili ya Asia wakatangazwa kuwa la 44. Kijana mmoja wa Kisumu ambaye London angehesabiwa kuwa wa mbari nyingine, hapa ni wa kabila miongoni mwa makabila. Kwa hiyo tunapotafsiri utafiti wa kigeni, tulihifadhi kundi kama lilivyoitwa huko na tueleze maana yake, badala ya kulipachika jina la kwetu.

8.2 Aliyetumia, mtumiaji na mraibu

Hojaji nyingi huuliza kama kijana ametumia kifaa angalau mara moja katika siku 30 zilizopita. Anayejibu ndiyo huenda alionja mara moja katika sherehe. Kiswahili kina uwezo mkubwa wa kuunda nomino za mtenda, na uwezo huo una hatari yake: tendo la siku moja hugeuka kuwa sifa ya mtu. Aliyevuta si lazima awe mvutaji, na mvutaji si lazima awe mraibu. Kirejeshi kinatosha: vijana waliotumia.

8.3 Muundo wa sentensi

Linganisha sentensi hizi mbili:

(a) Vijana Weupe wa Marekani ni wavutaji wa vepu kuliko Weusi.

(b) Katika uchunguzi uliofanywa Marekani mwaka 2019, wanafunzi wapatao 38 katika kila 100 waliojitambulisha kuwa Weupe walisema kwamba walikuwa wametumia sigara ya kielektroniki angalau mara moja katika siku 30 zilizotangulia. Miongoni mwa waliojitambulisha kuwa Weusi, walikuwa 20 hivi.

Sentensi (a) ni fupi na inashikika kwa urahisi. Ndiyo sababu inapendwa. Lakini kitenzi kishirikishi ni kimefunga watu na tendo pamoja, na wakati umeondolewa, kana kwamba jambo hili ni la milele. Sentensi (b) ina mahali, mwaka, kipimo na chanzo cha taarifa. Neno waliojitambulisha linamkumbusha msomaji kwamba mbari hapa ni jibu la hojaji. Neno walisema linamkumbusha kwamba hakuna aliyewapima. Baada ya (b), mwandishi aongeze sentensi moja inayotaja bei, soko, sheria au makazi, kadiri utafiti wenyewe unavyoruhusu.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba tofauti za mbari na kabila katika matumizi ya sigara za kielektroniki miongoni mwa vijana zipo, kwamba mpangilio wake hugeuka kutoka nchi hadi nchi na mwaka hadi mwaka, na kwamba kinachozigeuza ni soko, sheria, makazi na namna watu wanavyohesabiwa. Kisumu iliwahi kugawanywa kwa hoja ya afya iliyochanganya watu na mazingira yao. Lugha iliyotumika kutetea mgawanyo huo haikuwa ya matusi; ilikuwa ya kitaalamu, tulivu na yenye adabu. Hilo ndilo linalopaswa kumtia uangalifu kila mwanafunzi wa Kiswahili anayekabidhiwa jedwali la takwimu na kuombwa aligeuze kuwa sentensi.

Maswali ya mjadala

1. Rudia hesabu ya sehemu ya 5.0 ukichukulia kwamba vijana wa kila kundi wamegawanyika sawasawa, 50 kwa 50, katika mitaa miwili. Matokeo yanakufundisha nini?

2. Pendekeza neno la Kiswahili linalofaa kuliko mvuke kwa wingu la sigara ya kielektroniki. Toa sababu za kimofolojia na za kimaana.

3. Chukua taarifa yoyote ya afya inayotaja kabila au mbari katika gazeti la Kiswahili. Iandike upya kwa kufuata mfano wa sentensi (b), kisha ueleze ni taarifa gani iliyokosekana.

4. "Takwimu za kabila zikusanywe lakini zisitangazwe." Jadili kauli hii kwa kurejelea mfano wa Wamaori na mazingira ya ukanda wa Ziwa Victoria.